Wamaza: Vita huisha, bomu hubaki. Kumbukumbu ya wavuvi waliokufa miaka 60 baada ya vita

Mwezi wa Aprili 2005, wavuvi wa Uholanzi walikuwa kazini katika Bahari ya Kaskazini, ndani ya meli ya uvuvi iitwayo Maarten Jacob. Walivuta wavu kama siku zote. Pamoja na samaki, wavu ulipandisha bomu la Vita Vikuu vya Pili vya dunia, na bomu hilo likalipuka juu ya meli. Wavuvi watatu walikufa. Vita vyenyewe vilikuwa vimekwisha huko Ulaya mwaka 1945, yaani miaka 60 kabla ya siku hiyo.

Wavuvi hao hawakuwa askari. Walitoka nyumbani kutafuta riziki, kama anavyotoka mvuvi wa Lualaba alfajiri na mtumbwi wake. Vita vilivyowaua vilipiganwa na watu wa enzi ya babu zao.

Sababu ni kwamba bomu halizeeki kama panga au jembe. Chuma cha nje kinashikwa na kutu, lakini baruti ya ndani inaweza kudumu miaka mingi ikiwa na nguvu zake. Mara nyingine kutu ndiyo inayozidisha hatari, kwa kuwa kile kiwashio kinalegea, na kugusa kidogo tu kunatosha. Majini ni vilevile: matope yanalifunika bomu, mkondo unalisogeza, halafu siku moja wavu unalikamata.

Baada ya vifo vile, jeshi la majini la Uholanzi na la Ubelgiji yaliongeza kazi ya kusafisha bahari. Mvuvi anayekuta bomu anatoa habari mahali lilipo, na wataalamu wanakwenda kuliharibu.

Habari hii ni ya mbali, lakini Kongo inayo yake. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani, katika vita ambavyo wenyeji wanaviita Vita vya Siku Sita. Umoja wa Mataifa ulihesabu makombora zaidi ya 6,600, raia zaidi ya 760 waliouawa, na watu wapatao 65,000 waliokimbilia misituni. Si kila kombora lililoanguka lililipuka. Baada ya mapigano, wataalamu wa kutegua mabomu walipaswa kufanya kazi katika mji ule ule ambao Wagenia wanavua samaki kwa mitego yao mikubwa kwenye maporomoko. Maji yanayofika kwao ni ya mto ule ule unaopita karibu na Kasongo na kuvuka Kindu.

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka ile. Kongo yenyewe ilijiunga na mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini mwaka 2002. Lakini hukumu na mkataba haviondoi chuma kilichojificha chini ya majani.

Maniema imepitiwa na vita mara nyingi: wakati wa Simba mwaka 1964, tena 1996, tena 1998, na makundi yenye silaha yaliyofuata. Familia iliyokimbia kijiji inaporudi, inakuta shamba limekuwa pori na kisima kimefunikwa. Hapo ndipo mzazi anapaswa kutangulia mtoto kwa maneno: chuma usichokijua usikiguse, usikipige jiwe, usikitupe motoni, usikiuze kama chuma chakavu. Simama, rudi kwa njia uliyokujia, weka alama mbali nacho, mwambie chifu au viongozi wa usalama. Mvuvi naye, akiona chuma cha namna hiyo ndani ya wavu, asikipandishe mtumbwini. Heri kupoteza wavu.

Wavuvi wale watatu hawakupata nafasi ya kuonywa na mtu aliyejua bomu liko wapi. Wanaokumbuka kifo chao hapa Wamaza wanaweza kufanya jambo moja: kumpa nafasi hiyo mtoto anayerudi kijijini.