Lysenko Hakusafishwa na Protini
Tangu ijulikane kwamba seli ya mmea huweza kukumbuka baridi, wamezuka watu, hasa huko Urusi, wanaodai kwamba Trofim Lysenko, mtaalamu wa kilimo wa Kisovyeti, alionewa. Hoja yao si ya kupuuzwa, maana nusu yake ni kweli. Ngano ya majira ya baridi huchelewa mno kutoa masuke isipopitia wiki kadhaa za baridi. Hilo lilikwisha kuandikwa na John Klippart wa Ohio, Marekani, mwaka 1857, na Gustav Gassner wa Ujerumani akalichunguza kwa makini mwaka 1918, miaka kumi hivi kabla Lysenko hajalitangaza kama lake. Alichoongeza yeye ni dai kwamba baridi huigeuza ngano hiyo hata wajukuu wake wasiihitaji tena. Mafundisho ya namna hiyo ndiyo yaliyofukuza jenetiki katika vyuo vya Kisovyeti Agosti 1948. Nikolai Vavilov, mkusanyaji mashuhuri wa mbegu aliyempinga, alikuwa amekwisha kufia gerezani Saratov mwaka 1943.

Sasa tutazame ndani ya seli. Katika Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya kabichi, jeni iitwayo FLC huzuia maua. Baridi ikidumu, protini VIN3 huongezeka polepole, kisha pamoja na protini za kundi la Polycomb hukusanyika kwenye kipande kifupi karibu na mwanzo wa jeni hiyo. Joto likirudi, alama zinazowekwa na protini hizo huenea jeni nzima na kuifunga. Kila seli ama huifunga ama huiacha wazi. Baridi fupi hufunga seli chache, ndefu hufunga nyingi. Watetezi wa Lysenko huishia hapo. Hawasemi kwamba kiinitete kinapokua ndani ya mbegu, alama hizo hufutwa, FLC huamka, na mche mpya hungoja baridi yake wenyewe.

Watajibu kwamba Arabidopsis si ngano. Kweli: katika ngano, baridi huiamsha jeni VRN1 badala ya kuifunga FLC. Ila huko nako kila kizazi huanza upya. Ngano isiyohitaji baridi ipo, lakini aina zake nyingi zilitokana na mabadiliko katika DNA ya VRN1 yenyewe, yaani katika jeni, kitu ambacho Lysenko alikana kuwa kipo.