Madoa kwenye meno ya mbele ya mtoto: usiyakwangue, yanatibika

Meno ya mbele ya kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hadi 8. Huenda ukayaona yana madoa meupe kama chaki, au ya kahawia, ambayo hayatoki kwa mswaki. Mtoto akichekwa shuleni huanza kuziba mdomo akicheka. Mama, huo si uchafu.

Yanatoka wapi?
Katika maeneo ya Bonde la Ufa kama Arusha, visima na chemchemi nyingi zina madini ya floraidi kupita kiasi. Mtoto akinywa maji hayo meno yake yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi, hasa katika miaka 3 ya kwanza, ganda la nje la jino halikomai vizuri. Magadi ya kupikia nayo huongeza floraidi.

Daktari wa meno hufanya nini?
Huanza na njia zisizohitaji kutoboa jino:
- *Kusugua kitaalamu.* Hukinga ufizi kwa mpira, kisha husugua doa kwa asidi maalumu iliyochanganywa na unga laini. Hufaa madoa ya kahawia ya juu juu.
- *Kupenyeza rezini.* Ni dawa ya majimaji inayoingia ndani ya doa jeupe na kugandishwa kwa mwanga. Doa hufifia.
- *Kufunika kwa kizibo cha rangi ya jino.* Ni kwa madoa mazito au jino lililomeguka.

Mbili za kwanza kwa kawaida hazihitaji sindano ya ganzi. Madoa hupungua, lakini huenda yasiishe yote. Si kila kituo kina vifaa hivi, hivyo ulizia huduma na gharama mapema.

Usijaribu nyumbani
Usitumie mchanga, mkaa, limau wala kiwembe. Ganda la jino likiisha halioti tena.

Mlinde mdogo wake
- Mnyonyeshe, maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana.
- Mpe maji ya mvua yaliyochemshwa, au ya chanzo kilichopimwa kisichozidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi.
- Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3, na cha punje ya njegere kuanzia miaka 3 hadi 6. Mfundishe kutema.

Jino likiuma au likiwa na tundu, usisubiri: huenda limeoza. Mpeleke kliniki ya meno.