Krismasi Tanga: Vyakula vya kusindikizia mbuzi au kuku wa kuchoma

Kwenye meza ya Krismasi nyama ndiyo inayokula hela nyingi. Lakini kama wageni watashiba, na kama chakula kitafika jioni bila kuchacha, inategemea zaidi vile vilivyopikwa pembeni yake.

Kwa Tanga jambo hili lina uzito wake. Desemba ni joto, nazi inaingia karibu kila sufuria, na mezani mara nyingi Wakristo na Waislamu wanakaa pamoja.

Vitu vinne vinatosha

Nyama ya kuchoma ni kavu, ina chumvi na mafuta. Sahani inahitaji cha kushibisha, cha uchachu, mboga ya majani na chenye mchuzi. Kimoja kwa kila kundi kinatosha.

Kosa linalojirudia ni kupika pilau, chipsi, ndizi na mihogo, vyote vya kushibisha, halafu kachumbari bakuli moja kwa watu 15.

1. Cha kushibisha

Kwa wengi, Krismasi bila pilau si Krismasi. Ila pilau yenye nyama ikikutana na mbuzi aliyepakwa viungo vingi, ladha zinagombana na gharama inapanda. Njia rahisi ni kupika pilau kwa supu ya mifupa bila minofu, na nyama ya kuchoma ipakwe chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu tu.

Wali wa nazi unaenda vizuri zaidi na kuku. Kilo 1 ya mchele hutosha watu 6 hadi 8, na nazi 2 zinatosha kwa kilo hiyo. Anayetaka kuokoa mkaa achome mihogo pembeni ya nyama, kwenye moto huohuo.

Bada, ugali wa unga wa muhogo unaopendwa sana Tanga, unadai mchuzi mwingi. Bora ubaki kwa siku ya samaki.

2. Cha uchachu

Hapa ndipo mafuta ya nyama yanapokatwa. Kachumbari ni ya lazima, lakini chumvi na ndimu zitiwe dakika za mwisho. Zikitiwa mapema, nyanya zinatoa maji na bakuli linageuka supu.

Desemba pia ni msimu wa maembe pwani. Embe bichi lililokatwa vipande vyembamba na kutiwa chumvi na pilipili halihitaji jiko wala mafuta. Achari ya embe na chatne ya ukwaju zinaweza kutengenezwa siku moja kabla.

3. Mboga ya majani

Mchicha na matembele hupatikana kirahisi. Kabichi na karoti zinashuka kutoka Lushoto, kwenye milima ya Usambara, na zinauzwa katika masoko ya jiji kama Mgandini.

Kama wali tayari una nazi, mboga ikaangwe kwa kitunguu na mafuta kidogo. Nazi kwenye kila sufuria inachosha mdomo, na kila sufuria yenye nazi ni sufuria nyingine inayoweza kuchacha.

Anayependa kisamvu akitwange na kukichemsha vya kutosha. Majani ya muhogo yana sumu ya asili, na kutwanga pamoja na kuchemsha ndiko kunakoipunguza.

4. Chenye mchuzi

Maharage ni chaguo la bei nafuu. Yalowekwe usiku wa mkesha, maji yale yamwagwe, kisha yachemshwe hadi yaive kabisa. Penye pilau yanaweza kuungwa kwa nazi; penye wali wa nazi yaungwe kwa nyanya. Wengine huweka mtindi pembeni, unaopoza pilipili vizuri.

Joto halina sikukuu

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kikisubiri, kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60 au kiwe kwenye friji chini ya nyuzi 5.

Kwa nyumba ambayo wageni wanaingia mmoja mmoja hadi usiku, maana yake ni kupika kwa awamu mbili. Wali wa mchana upikwe asubuhi, wa jioni upikwe alasiri. Hali kadhalika kachumbari: kata kidogo, kata tena.

Wageni Waislamu

Familia nyingi za Kikristo pwani humwita Mwislamu achinje kuku au mbuzi wa sikukuu, ili jirani ale bila wasiwasi. Lakini kuchinja pekee hakutoshi.

Kama kuna kitimoto nyumbani, kiwe na jiko lake, wavu wake, kisu chake na ubao wake. Kachumbari iliyokatwa kwa kisu kilichogusa nguruwe haimfai mgeni huyo, hata kama mbuzi ni halali. Vivyo hivyo nyama iliyolowekwa kwenye bia au mvinyo. Kama imeshatokea, mwambie mapema. Asigundue akiwa na tonge mkononi.

Ratiba kwa majiko mawili

- Tarehe 24 jioni: achari, chatne, kuloweka maharage, kupaka nyama viungo na kuiweka kwenye friji.
- Tarehe 25 asubuhi: maharage jiko la kwanza, nyama jiko la pili.
- Saa moja kabla ya kula: maharage yakitoka, wali au pilau iingie.
- Nyama ikiiva: iache itulie kama dakika 15 kabla ya kukatwa. Muda huo jiko lake linakaanga mboga.
- Mwisho kabisa: kachumbari.

Hela ikipungua

Usianze kukata kwenye nyanya na ndimu. Ondoa chakula cha pili cha kushibisha, kama chipsi au ndizi, na hela yake ongeza kachumbari na maharage. Mbuzi mdogo mwenye maharage ya kutosha na kachumbari nyingi hulisha watu wengi kuliko mbuzi mkubwa aliyezungukwa na wanga mtupu.