Kipimo cha jeni 21: Nani anahitaji tibakemikali, nani anaweza kuiacha?

Uvimbe umeshaondolewa kwenye titi na kidonda kinapona. Halafu daktari anataja tibakemikali: miezi ya kutundikiwa dripu, nywele kunyonyoka, kutapika, kinga ya mwili kushuka. Kwa miaka mingi wanawake wengi walipewa dawa hizi kama tahadhari tu, kwa sababu ilikuwa vigumu kujua saratani ya nani ingerudi.

Hapo ndipo kinapoingia Oncotype DX, kipimo kilichoanza kutumika Marekani mwaka 2004.

Mgonjwa hachomwi sindano wala hakatwi tena. Maabara inachukua kipande cha uvimbe uleule uliotolewa na kuangalia jeni 21 zinavyofanya kazi ndani yake. Jibu linakuja kama alama, kuanzia 0 hadi 100. Alama ikiwa juu, hatari ya saratani kurudi ni kubwa na tibakemikali ina msaada.

Wengi hukichanganya na kipimo cha BRCA. Hicho kinaangalia jeni ambazo mtu amerithi kwa wazazi. Hiki kinauangalia uvimbe wenyewe.

Utata ulikuwa kwa wenye alama za katikati, ambao ndio wengi. Utafiti wa TAILORx, uliotangazwa Chicago Juni 2018, uliandikisha zaidi ya wanawake 10,000 ambao saratani yao haikuwa imefika kwenye tezi za kwapani. Wenye alama 11 hadi 25 waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi wakapewa dawa za homoni peke yake, wengine wakaongezewa tibakemikali. Baada ya miaka tisa, waliokuwa hai ni asilimia 93.9 kwa kundi la homoni na asilimia 93.8 kwa kundi la tibakemikali. Yaani hakuna tofauti.

Lakini si kwa kila mtu. Wenye miaka 50 kushuka chini waliopata alama 16 hadi 25 walionekana kufaidika kiasi na tibakemikali. Baadhi ya wataalamu wanadhani huenda faida hiyo inatokana na dawa hizo kuzima ovari, si kuua saratani moja kwa moja. Mjadala huo bado upo.

Na kuruka tibakemikali si kuruka matibabu. Mgonjwa bado anameza vidonge vya homoni, kama tamoksifeni, kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Anayeviacha njiani kwa kuwa "nilipata alama ndogo" anajiweka hatarini.

Kipimo hiki ni kwa saratani ya hatua za mwanzo inayochochewa na homoni na isiyo na protini ya HER2 kwa wingi. Saratani ya aina nyingine, ikiwemo ile isiyo na vipokezi vya homoni wala HER2, haihusiki kabisa.

Halafu kuna bei: Marekani ni karibu dola 4,000. Kwa Afrika Mashariki, ambako wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa, wanaoweza kunufaika nacho ni wachache. Hata kwa hao, swali la kwanza kwa daktari ni la bei nafuu zaidi: je, uvimbe umepimwa homoni na HER2? Bila majibu hayo, Oncotype haina pa kuanzia.