Sarafu bila pakiti yake: seti maalumu za Marekani, 1965 hadi 1967



Tunapozungumzia vyanzo vya historia huwa tunakimbilia hati na masimulizi, sarafu tunawaachia wenye kuzikusanya. Leo naomba nilete mfano wa sarafu ambazo ukizitoa kwenye pakiti yake, ni kama umetupa bahasha ya barua ya zamani ukabaki na karatasi tu. Maneno yapo, lakini ilitoka wapi na lini, huna tena ushahidi.

Kwanza sababu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani ilikumbwa na uhaba wa chenji. Bei ya madini ya fedha ilikuwa inapanda, watu wanaficha sarafu majumbani, na serikali ikawatupia lawama wakusanyaji. Tarehe 23 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria mpya. Fedha ikaondolewa kabisa kwenye senti kumi na robo dola, na nusu dola ikaachiwa asilimia 40. Ile herufi ndogo inayotaja kiwanda nayo ikafutwa, ili mkusanyaji asiwe na haja ya kutafuta sarafu ya Denver na ya Philadelphia za mwaka mmoja. Seti za pruufu, yaani sarafu za kupendeza zinazopigwa zaidi ya mara moja kwa mihuri iliyong'arishwa kama kioo, zilisimama baada ya zile za 1964.

Hata mwaka ulioandikwa ukawa hauaminiki. Sarafu zenye 1964 ziliendelea kupigwa 1965, na zenye 1965 zikaendelea mpaka Julai 1966. Kwetu sisi hili si geni. Riali ya Maria Theresa, iliyotumika Oman na Unguja, ilibaki na mwaka 1780 hata zile zilizopigwa karne ya 20.

Badala ya pruufu, San Francisco, mahali palipokuwa pameacha kupiga sarafu tangu 1955, pakatengenezwa seti maalumu za sarafu tano: senti moja, senti tano, senti kumi, robo na nusu dola. Jumla yake senti 91, bei yake dola 4. Seti ya pruufu ya 1964 ilikuwa dola 2 na senti 10! Hata hivyo watu walinunua: seti 2,360,000 za 1965, 2,261,583 za 1966, na 1,863,344 za 1967.

Sasa utazitambuaje? Kukosa herufi ya kiwanda si dalili, maana sarafu za sokoni za miaka ile nazo hazina. Asilimia 40 ya fedha si dalili pia. Nusu dola za kawaida zilikuwa hivyohivyo. Tazama uso. Za 1965 mara nyingi zina mng'ao laini kama hariri, na za 1966 na 1967 zinakaribia kioo. Maandishi yamekatika vizuri na kingo ni kali. Kuna nusu dola za 1966 ambazo muhuri wake ulisuguliwa kupita kiasi, herufi FG za mchongaji Frank Gasparro zikapotea upande wa tai.

Halafu pakiti. Ya 1965 ni plastiki laini bapa, kila sarafu na chumba chake, ndani ya bahasha. Za 1966 na 1967 ni kasha gumu la plastiki ndani ya ganda la karatasi ngumu. Lakini tahadhari: plastiki laini hukatwa, na kasha gumu hufunguka na kufungwa tena. Mjanja anaweza kuchomoa nusu dola nzuri akaweka ya kawaida. Kwa hiyo pakiti peke yake haitoshi, wala sarafu peke yake. Ni mashahidi wawili, na lazima kauli zao zikubaliane.

Anayebisha atazame zile sarafu za 1964 zilizojitokeza kwenye minada miaka ya 1990. Zina mng'ao unaofanana na wa seti hizi, lakini hazikuuzwa kwa umma na hazina pakiti rasmi. Mpaka leo wataalamu wanabishana zilipigwa kwa ajili gani. Zingekuwa na bahasha, hata yenye anwani tu, ubishi ungepungua sana.

Mwaka 1968 pruufu zilirudi, na herufi S ya San Francisco juu yake. Lakini bei ya fedha inapopanda, seti za miaka ile mitatu huvunjwa kwa ajili ya ile nusu dola moja, na pakiti hutupwa. Ukirithi sanduku la mzee lenye vitu hivi, basi usianze kwa kukata plastiki. Kwa sarafu ambazo serikali yenyewe ilizifutia mahali na kuzichezea mwaka, ganda lile ni sehemu ya hati.

Nawasilisha. Mwenye nyongeza asisite.