Tarakilishi ikizeeka, kazi iokolewe kabla ya mashine

WAHENGA walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini si kila mwenye tarakilishi kuukuu aliye na fedha za kununua mpya. Katika shule nyingi, afisi za vyama vya akiba, vibanda vya kupigia chapa na majumbani, kazi hutegemea mashine iliyotumika ng'ambo kabla ya kuletwa nchini, au ile iliyonunuliwa ikiwa mpya miaka kumi iliyopita.

Mashine ya aina hiyo inaweza kuhudumu kwa miaka mingine kadhaa iwapo itatunzwa. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo wengi huliweka mwisho ilhali lafaa kutangulia. Tarakilishi ikifa, nyingine hupatikana dukani. Alama za wanafunzi za miaka mitano, daftari la michango ya wanachama au picha za mzazi aliyefariki haziuzwi popote.

Aghalabu mtumiaji huona mashine imekuwa nzito, akaibeba hadi kwa fundi. Fundi naye, kwa nia njema, hufuta diski yote na kuweka mfumo upya. Mashine hurudi ikiwa na kasi, lakini ikiwa tupu. Ndiyo maana anayetaka kurefusha maisha ya tarakilishi yapasa aanze kwa kutoa nakala za faili zake. Bisibisi ifuate baadaye.

DISKI HUFA VIPI?

Faili zote hukaa kwenye diski kuu. Katika mashine nyingi za zamani, diski hiyo ni sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake bila kuzigusa. Nafasi iliyopo baina yao ni nyembamba kuliko unywele. Kishindo kimoja, kama vile kipakatalishi kuanguka kikiwa kimewashwa, chatosha kukikwaruzisha kichwa hicho kwenye sahani na kuangamiza kilichoandikwa.

Mara nyingi diski hutoa ishara kabla ya kufa. Husikika mlio wa kugongagonga, faili ndogo huchukua muda mrefu kufunguka, au mashine huganda kila inapofikia folda fulani. Ipo pia programu isiyolipiwa, CrystalDiskInfo, ambayo husoma takwimu ambazo diski yenyewe huziweka kuhusu afya yake.

Dalili hizo zikionekana, kuwasha na kuzima mashine mara kwa mara kwa matumaini kwamba itapona ni kuzidisha hatari. Faili muhimu zinakiliwe mara moja. Isitoshe, kuna diski ambazo hufa bila kuaga, na kwa hivyo anayesubiri dalili huenda akachelewa.

NAKALA TATU

Wataalamu wengi hufuata kanuni ya tatu-mbili-moja, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh. Kila faili muhimu iwe na nakala tatu, zikae kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo.

Mathalani, katibu wa chama anaweza kuwa na faili zake kwenye tarakilishi, nakala ya pili kwenye diski ya nje, na ya tatu katika hifadhi ya mtandaoni kama Google Drive, ambayo hutoa gigabaiti 15 bila malipo. Asiyekuwa na intaneti ya kutosha anaweza kumkabidhi mwanachama mwingine anayeaminika diski ya pili ahifadhi kwake. Muhimu ni kwamba mwizi mmoja au moto mmoja usiweze kuchukua zote.

Diski ya nje isiachwe imechomekwa kwenye tarakilishi baada ya kunakili. Mnamo Mei 12, 2017, programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilianza kuenea katika nchi zipatazo 150, ikifunga faili za watu na kudai fidia ili zifunguliwe. Nchini Uingereza, hospitali za umma zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Programu za aina hiyo zinaweza kufunga faili za kila diski zinayoifikia, ikiwemo ile yenye nakala. Diski iliyochomolewa na kufungiwa kabatini haifikiki.

Ikumbukwe pia kwamba flashi ni chombo cha kubebea faili wala si ghala. Hupotea kwa urahisi, na ikikaa miaka mingi bila kutumiwa inaweza kupoteza ilichohifadhi. Waliohifadhi kazi zao kwenye diski laini za inchi tatu u nusu nao wana funzo. Kampuni ya Sony iliacha kuziuza mwaka 2011, na leo si rahisi kupata mashine ya kuzisomea. Nakala zihamishwe kwenye vyombo vipya kabla vya zamani havijatoweka.

NAKALA ISIYOJARIBIWA

Kuwa na nakala hakutoshi. Mwaka 1998, studio ya Pixar ya Marekani ilipokuwa ikitengeneza filamu ya vibonzo ya Toy Story 2, amri iliyotolewa kimakosa ilifuta sehemu kubwa ya filamu hiyo kutoka kwa tarakilishi za studio. Walipogeukia nakala za akiba, wafanyakazi waligundua kwamba mtambo wa kunakili haukuwa umefanya kazi ipasavyo, na hakuna aliyekuwa ametambua.

Kilichowaokoa ni tarakilishi iliyokuwa nyumbani kwa mmoja wa wasimamizi, Galyn Susman. Alikuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua, na alikuwa na nakala yake. Mashine hiyo ilisafirishwa kwa gari kwa uangalifu mkubwa hadi studioni.

Ikiwa kampuni yenye wataalamu wengi iliponea chupuchupu, mwalimu au mwenye duka hana budi kuhakikisha. Angalau mara moja kwa mwezi, achague faili kadhaa kutoka kwa nakala, azifungue kwenye mashine nyingine na kuona kama zinasomeka.

VUMBI, JOTO NA UMEME

Nakala zikishakuwa salama, mashine yenyewe sasa yaweza kushughulikiwa. Adui wa kwanza ni vumbi, ambalo huziba feni na kuzuia joto kutoka. Tarakilishi inayopata joto kupita kiasi hupunguza kasi yenyewe, au hujizima ghafla.

Mashine izimwe na kuchomolewa kwenye umeme, kisha kifuniko kifunguliwe na vumbi litolewe kwa brashi laini iliyo kavu. Feni ishikwe kwa kidole isizunguke inapopulizwa. Kisanduku cha umeme kilichomo ndani kisifunguliwe kamwe, kwani huweza kubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa. Iwapo vipande vidogo vya duara kwenye ubao mkuu vimevimba vichwa, fundi aitwe kuvibadilisha. Betri ya kipakatalishi iliyovimba nayo iondolewe mara moja, kwani inaweza kushika moto.

Umeme unaokatika na kurudi ghafla huumiza diski na kuharibu faili zilizo wazi. Kifaa cha UPS humpa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi yake na kuzima mashine kwa utaratibu.

Kuna hitilafu nyingine ndogo inayowatatiza wengi. Saa ya tarakilishi ikirudi nyuma kila inapochomolewa, huenda betri ya duara iliyo kwenye ubao mkuu, aghalabu ya aina ya CR2032, imekwisha. Tarehe ikikosewa, tovuti nyingi za benki na baruapepe hukataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyake vya usalama huonekana kuwa batili. Watu hulaumu intaneti ilhali kosa ni la betri.

KUIONGEZEA NGUVU

Kwa mwenye fedha kidogo, mabadiliko yanayoleta nafuu kubwa zaidi ni kuondoa diski ya sahani na kuweka ya SSD, ambayo haina kinachozunguka ndani yake. Mashine iliyochukua dakika kadhaa kuwaka inaweza kuwaka kwa sekunde. La pili ni kuongeza kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambayo mafundi huiita ramu, kutoka gigabaiti nne hadi nane iwapo ubao mkuu unakubali.

Mfumo endeshi nao una umri wake. Microsoft iliacha kuitengenezea Windows 7 marekebisho ya usalama Januari 14, 2020, na Windows 10 ikafuata Oktoba 14, 2025. Watumiaji wa kawaida wa Windows 10 waliojisajili walipewa muda wa ziada hadi Oktoba 13, 2026. Windows 11 nayo huhitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakataji cha miaka ya karibuni, na hivyo mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 zimeachwa nje.

Hilo halina maana kwamba mashine hizo zitupwe. Linux Mint na Lubuntu ni mifumo isiyolipiwa ambayo huendelea kupata marekebisho na huweza kufanya kazi kwenye mashine zenye nguvu ndogo. Mtumiaji anaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yake, na programu ya LibreOffice itamfungulia nyingi za barua na hesabu alizoandika kwa Word na Excel.

KUIAGA MASHINE

Hatimaye siku hufika ambapo ukarabati hugharimu kuliko thamani ya mashine. Kufuta faili kwa njia ya kawaida hakuziondoi. Mwenye ujuzi anaweza kuzirejesha. Diski ifutwe kwa programu maalumu au iharibiwe, hasa iwapo ina habari za wanafunzi, wagonjwa au wateja, ambazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mabaki yapelekwe kwa wanaoshughulikia taka za kielektroniki, kama kituo cha WEEE Centre jijini Nairobi, badala ya kuchomwa jalalani.

Kabla ya siku hiyo, kilicho rahisi zaidi ni kuweka ratiba. Kila Ijumaa, kabla ya afisi kufungwa, diski ya nje ichomekwe, faili za wiki zinakiliwe, kisha ichomolewe na kuwekwa kabatini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika suala hili, kuna kuta ambazo haziwezi kujengwa tena.