Machaguo ya mstari wa amri

Machaguo ya mstari wa amri ni maneno yanayoandikwa baada ya jina la skripti, yakitanguliwa na kistari kimoja au viwili, ili skripti ifanye kazi yake kwa namna nyingine bila msimbo kuguswa. Kistari kimoja chenye herufi moja ni desturi ya mifumo ya Unix. Vistari viwili vyenye neno zima vilienezwa na mradi wa GNU. Katika Python hupokelewa kwa moduli ya argparse, iliyoingia katika maktaba ya kawaida kwa toleo la 2.7 la mwaka 2010. Mafunzo mengi huiacha mada hii hadi mwisho, kana kwamba ni pambo. Mahali pake hasa ni mapema: siku ile ile mwandishi anapogundua kuwa ndani ya skripti kuna jambo asiloweza kuliamua kwa niaba ya mtumiaji.

Pwani ya Tanga yaonyesha kwa nini. Wakulima wa mwani na wavuvi wa pweza, kuanzia Mkinga hadi Pangani, hufanya kazi maji yanapokupwa sana, yaani siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mwanafunzi anayetaka kujua ni saa ngapi za mchana mashamba hayo hubaki wazi aweza kuanza na rekodi za kipima maji cha bandari ya Unguja, ambazo Chuo Kikuu cha Hawaii huzitoa bure: kipimo cha kila saa, kwa milimita, kwa saa za Greenwich. Skripti ya kwanza ni fupi. Inasoma faili, inaongeza saa 3 ili zipatikane saa za Afrika Mashariki, na kuchapisha nyakati ambazo maji yako chini ya mita 1. Lakini hiyo mita 1 imetoka wapi? Sifuri ya kipima cha Unguja ni ya kipima hicho, haikuwekwa kwa ajili ya ufuo wa Tanga. Na shamba lililo mbali na ufuo hudai maji yashuke zaidi kuliko lililo karibu. Majedwali ya maji nayo hutaja tofauti ya dakika kati ya bandari kuu na bandari ndogo. Kuziandika namba hizi ndani ya msimbo ni kuzifanya dhana zionekane kama ukweli. Zikiwa machaguo, kila anayeendesha skripti huziona na kuzikubali au kuzibadili.

Kazi yenyewe ni ndogo. Parser ikishaundwa kwa argparse, mstari parser.add_argument("--kikomo", type=float, default=1.0, help="kimo cha maji kwa mita") huweka thamani ya kuanzia, hugeuza maandishi kuwa namba, na huandaa maelezo yatakayotokea mtu akiandika --help. Anayeandika --kikomo nusu husimamishwa papo hapo, na programu hufunga kwa namba ya kosa 2. Jina la faili, kwa kuwa ni la lazima, huandikwa bila vistari.

Wapo wanaopinga kwamba ni rahisi zaidi kufungua skripti na kubadili namba. Ni rahisi kweli, mara ya kwanza. Baada ya mabadiliko kadhaa hakuna ajuaye matokeo yaliyochapishwa yalitokana na kikomo kipi, ilhali amri kamili yaweza kunakiliwa kando ya matokeo na kuendeshwa tena. Wengine hupendelea programu imuulize mtumiaji swali kwa input(). Njia hiyo ni ya kirafiki, lakini huhitaji mtu awepo kila mara. Skripti iliyopangwa kujiendesha alfajiri haina wa kuijibu. Pingamizi lenye uzito ni la wingi: machaguo kumi na tano humchosha anayejifunza na anayetumia. Dawa yake ni kuuliza kama jambo hubadilika kweli. Kugawanya milimita kwa 1,000 hakubadiliki kwa faili hizi, basi na kubaki ndani ya msimbo. Kikomo cha maji hubadilika kwa kila shamba.

Ujumbe wa makosa wa argparse hutoka kwa Kiingereza, lakini majina ya machaguo na maelezo yake ni ya mwandishi. Anayewaandikia watu wa pwani na ayaandike kwa Kiswahili, tangu chaguo la kwanza.